Jina la Heche na Kuvu ya Kibuyu

"Jina la mtoto wa kaka yangu ukaipe kuvu? Kuvu, Wegesa! Kitu kinachoota kwenye mavi ya punda!"

"Mavi ya pundamilia," Wegesa akamrekebisha. "Halafu hii yangu haikuota kwenye mavi. Imeota kwenye kibuyu chake mwenyewe. Usinigeuzie maneno, shemeji."

"Kibuyu, mavi, kwangu vyote ni uozo."

"Basi acha pombe. Bwana Kuvu kaniambia hiyo pombe unayoinywa kilabuni kwa Nikolaus inaumuliwa na ndugu za kuvu hao hao. Umewabeba tumboni tangu ujana wako na hujawahi kumtapika hata mmoja."

Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo uani, ungo magotini, napepeta ulezi na kucheka kimoyomoyo. Huyo Nyangwine alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Wegesa, mtu mrefu hata mvua ikinyesha alilowa yeye kwanza, sisi wengine tukapata habari baadaye. Alivaa kapoti la jeshi alilorudi nalo kutoka Burma, na alilivaa saa sita za mchana jua likiwaka, kwa sababu alisema baridi ya kule ilimwingia na haijatoka. Na Wegesa, mjane, mfupi, miguu imepinda kidogo, alisimama mbele yake ameshika kiuno kama mtu anayezuia dume lisiingie shambani.

Ukweli ni kwamba siku ile hakuna aliyekuwa na utulivu. Bwana Kuvu, yule mzungu, alikuwa anavunja kambi yake kule bondeni, na alikuwa ameahidi kuwa kabla hajaondoka, Wegesa atapata jibu. Kwa hiyo waligombana ili wasisikilize kama kuna anayekuja njiani.

Sasa acheni niwaeleze Wegesa alikuwa nani, maana mmezoea kupita kwenye kaburi lake mkifukuza mbuzi bila hata kusema samahani.

Aliletwa hapa Ringwani akiwa bibi harusi msimu mmoja na mimi. Mimi niliolewa na Stanslaus, boma la chini, yeye boma la juu, na waume zetu walikuwa watoto wa mtu na kaka yake. Akaanza kuzaa wasichana. Wasichana wazuri, mmoja alikuwa mzuri hata jogoo alisahau kuwika akipita. Lakini wote wakakua, wakaolewa, wakaenda kuita na kuitwa majina ya watu wengine. Halafu, wakati wanawake wameshaanza kumsalimia Wegesa kwa shikamoo ya bibi, akamzaa Heche.

Huyo mtoto alipenda maziwa. Mnajua kibuyu cha maziwa kinavyofukizwa: unachoma kijiti cha mti, unakisugulia ndani hadi kibuyu kishike moshi na masizi, ndipo unamimina maziwa yagande. Mwanamke mwenye akili anafanya kidogo. Wegesa, kwa kile kibuyu cha Heche, alikuwa anasugua mpaka mkono unamchoka, maana mtoto alitaka maziwa machungu, meusi, yanayonuka moshi. Ukikutana naye njiani na ng'ombe, mdomo wa juu ulikuwa na mstari mweusi kama sharubu. Tulimtania, "Shikamoo mzee!" Naye anajibu, "Marahaba, wajukuu zangu," na fimbo begani.

Alikufa kwa homa wakati wa masika, mwaka ule ambao wenzake walikuwa wanangoja kutahiriwa. Hapo mimi sina chumvi ya kuongeza. Asubuhi alilalamika kichwa, jioni akatapika, na kabla ya mahindi kutoa mbelewele alikuwa ameshazikwa. Nyangwine ndiye aliyechimba.

Katika ukoo wetu, mtu akifa mkubwa, jina lake hupewa mjukuu. Basi linaendelea kuitwa mlangoni mwa zizi, linatumwa maji, linagombezwa, linachekwa. Lakini mvulana aliyekufa kabla ya kutahiriwa jina lake haliendi kwa mtu. Wazee husema hakulikomaza. Ukimpa mtoto mwingine, atakuja kusimama pale pale mwenzake aliposimama, asifike tohara. Hawasemi kwa ubaya. Wanasema kwa woga. Tukamlilia Heche kama inavyotakiwa, kisha likawa jina ambalo ukitaka kulitaja unakohoa kwanza, unalipita.

Mama yake hakuweza kulipita. Nyuma ya boma lao kulikuwa na kichuguu kikubwa. Kila jua lilipoelekea kuzama, ng'ombe wakiwa njiani, nilimwona anapanda pale juu, anaweka mikono mdomoni: "Heche! We Heche! Leta ng'ombe!" Mchungaji wa siku hizo alikuwa mtoto wa watu mwingine kabisa. Ng'ombe wanakuja, yeye anashuka, anafunga zizi, anapika. 

Mume wake akafuata muda si mrefu. Wegesa akabaki na nyumba isiyo na mtoto wa kiume, na nyumba ya namna hiyo kwetu ina njia yake: akatoa ng'ombe akaoa msichana, Regina, kutoka upande wa Morotonga, ili azae watoto wa nyumba ile. Hiyo ndiyo nyumba ntobhu, nanyi mnaoshangaa kaulizeni bibi zenu wa upande wa pili walitokea wapi. Regina alikuwa msichana mpole, anamwita Wegesa mama, na akazaa mtoto wa kiume. Siku ya kumpa jina, Wegesa aliinuka mbele ya wazee akasema, "Huyu ni Heche."

Wakakataa. Aliyekataa kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Nyangwine. Mtoto akaitwa Muniko, jina la babu, jina zuri halina kosa. Wegesa alimpokea, akamlea, akampenda. Ila akiimba kumbembeleza alikuwa anafika kwenye jina anaacha pengo, anaguna tu pale, halafu anaendelea.

Ndipo akaja huyo mzungu.

Kwa jina lake halisi ulimi wetu ulikuwa unateguka, tukamwita Bwana Kuvu. Alikuwa mwembamba hivi: siku moja fisi alimkuta amelala nje ya hema, akamnusa toka kichwa hadi miguu, akaenda zake kutafuta mfupa wenye nyama. Alikuja na kibali cha Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, na mpishi wake Athuman, Mwislamu wa Tanga, mtu wa kofia safi na maneno matamu. Tulidhani mzungu anatafuta dhahabu. Wapi! Alikuwa anatafuta vitu vilivyooza. Kinyesi cha tembo. Gome la mti uliokufa. Udongo wa ndani ya kichuguu. Tope la mto Manchira. Ngozi ya ng'ombe iliyosahauliwa kwenye unyevu. Anaviweka kila kimoja kwenye kisahani cha kioo chenye kifuniko, juu ya karatasi mbichi, anavingoja viote nywele. Vikiota, anachukua unywele kidogo kwa sindano, anaupandikiza kwenye uji wa viazi aliougandisha kwa mwani, halafu anatazama kwa darubini yake ya kuinamia.

"Huu mwani," Athuman alikuwa anatuambia, "kwetu tunaukanyaga tu pwani. Kumbe mwenzenu analishia kuvu!"

Alitaka mtu wa kumwonyesha mahali mambo yanapooza, na Wegesa akajitokeza. Alikuwa anatembea kutwa na mfuko, anarudi na kinyesi cha swala, cha nyati, majani ya chini ya mawe, maji ya mashimo ya miamba. Nilimsindikiza mara nyingi. Siku moja tulichota tope Manchira mahali ambapo kiboko alikuwa amelala, na kiboko huyo akatuamkia kwa adabu, lakini hiyo nitawasimulia mkishanitafutia tumbaku.

Nami niliangalia kwenye ile darubini. Wallahi wa Athuman, mle ndani kuna nchi! Kuna kuvu iliyosimama kama fagio, vijiti vimepangwa, na kila kijiti kimevaa shanga. Kuna nyingine kichwa duara, nywele zimesimama pande zote kama mzee aliyeamshwa na moto. Bwana Kuvu alizitambua kwa hayo: fagio, kichwa, shanga, rangi ya mbegu, kama zinakaa mnyororo au moja moja. Na ile ya mavi ya pundamilia, mwili wake ni kama tone la maji na kofia nyeusi juu. Mwanga ukiigusa inafyatua ile kofia kuelekea mwangani. Stanslaus wangu alifungua kifuniko kwa ujuvi, ikamfyatulia jichoni. Alijifunga kitambaa hadi mavuno, akawaambia watu wa kilabuni kwamba alipigwa risasi akimwokoa mzungu.

Wegesa hakucheka sana. Yeye alikuwa anasikiliza majina.

Kila kuvu, Bwana Kuvu alikuwa na jina lake, refu kama kamba ya kisima. Athuman anatafsiri anavyoweza. Siku moja alisema, "Hii, mama, imepewa jina la bwana mmoja wa kwao, alishafariki zamani."

Wegesa akaacha kufunga mfuko. "Alikufa?"

"Zamani sana."

"Na jina bado linaitwa?"

"Kila anayeiona hii kuvu analitaja."

"Huyo bwana alikuwa ametahiriwa?"

Athuman alicheka hadi akapaliwa. Halafu alipoona Wegesa hacheki, alijifuta macho akamgeukia bwana wake, akauliza. Mzungu alibadilika rangi, akawa kama nyanya. Akasema kwao hakuna anayeuliza hilo. Anayeivumbua kuvu mpya ambayo hakuna mtu aliyeiona anaweza kuipa jina lolote: la mtu, la mto, la mlima, la aliye hai, la aliyekufa.

"La mtoto?" Wegesa akauliza.

"Hata la mtoto."

Tukarudi. Pale kwenye njia panda akanishika mkono. "Mogesi," akaniambia, "wazee walisema jina la Heche lisiende kwa mtu. Kuvu ni mtu?"

Nikamwambia hapana, si mtu.

"Umesema mwenyewe."

Kuanzia hapo hakutafuta tena kwa kutumwa, alitafuta kwa njaa. Alikuwa anaingiza mkono kwenye mashimo ya nyoka. Alipanda majabali ambayo nyani huyaogopa. Analeta, Bwana Kuvu anainama, anainuka, anasema neno moja ambalo mwishowe hata mimi nililijua bila Athuman: inajulikana. Ya pangoni, inajulikana. Ya mzoga wa nyumbu, inajulikana. Ya kwenye yai lililoviza, inajulikana. Kila kitu kinachooza hapa kwetu kumbe kilishapata jina kwa watu wengine!

Halafu siku moja, akiwa amelala chali nyumbani, miguu imevimba, akaangalia juu kwenye paa. Kilikuwa kinaning'inia pale, na mfuniko wake, tangu siku ile. Kibuyu cha Heche. Hakuwahi kukiosha. Hakumruhusu Regina hata kukipangusa vumbi.

Akakishusha, akakifungua. Ndani ya shingo, mahali ambapo maziwa ya mwisho yalikaukia, palikuwa pameota kuvu nyeusi inayokaribia ubuluu, na pembezoni ina ukingo wa rangi ya waridi kama sketi ya Adija, yule mke wa fundi cherehani wa Mugumu. Nimeona kuvu nyingi. Ile sikuwa nimeiona.

Bwana Kuvu naye hakuwa ameiona. Aliinama kwenye darubini hadi chai ikapoa na nzi wakaioga. Akainuka, akaangalia tena. Akasema, "Hii siijui."

Wegesa alikaa chini palepale kwenye majani.

Lakini mzungu alikuwa mkweli, na hilo sitamnyima. Alimweleza taratibu, Athuman akifuata. Kwanza, ile kuvu ilikuwa imezama shingoni, asingeweza kuipata yote bila kupasua kibuyu. Pili, kuvu ni kama mtu anayeishi jikoni, inaweza kupakwa rangi na mahali ilipo. Kwa hiyo ataipanda mbali na kibuyu, kwenye uji wake safi. Ikibaki nyeusi na ukingo wake wa waridi, basi ni ngeni. Ikigeuka ya kijani, basi ni ile ile inayoota kwenye ugali wa kila mtu. Akauliza, kibuyu hiki kilifukizwa sana?

"Kama vingine vyote," Wegesa akasema.

Sikufungua mdomo. Hakuwa anadanganya. Kwa mama yule, masizi mengi ndiyo yalikuwa kawaida.

Bwana Kuvu akasema, "Ikiwa ngeni, nitaondoka na kibuyu hadi Ulaya, kitunzwe kwenye nyumba ya vitu hivyo, na jina utalichagua wewe. Ikiwa inajulikana, nitakurudishia kibuyu."

"Pasua," Wegesa akasema.

Alikishika mwenyewe kwa mikono miwili, Athuman akapitisha msumeno mdogo. Kilitoa sauti kavu kama mtu anayetafuna mahindi ya kukaanga. Kilipofunguka, ndani ulionekana mstari mweusi uliozunguka, pale maziwa yalipoishia mara ya mwisho mtoto alipoyanywa. Wegesa aliuweka kidole juu ya ule mstari, akauzungusha, akakitoa. Athuman akaangalia pembeni.

Basi habari ikamfikia Nyangwine, na ndiyo ile mliyoikuta mwanzo, pale uani, siku ya kuvunja kambi, mimi na ungo wangu, Regina mlangoni na Muniko mgongoni.

"Unataka atembee?" Nyangwine alikuwa anasema. "Ukimwita atakuja. Atakuja kudai maziwa, na utampa nini? Amelala, Wegesa. Mimi ndiye niliyemlaza. Niliondoa mawe chini yake kwa mkono wangu, moja moja, asichomwe mgongo."

"Na mimi ndiye niliyemzaa."

"Kila siku unasema hivyo kana kwamba mimi sikuwepo! Ile fimbo niliyomchongea ya tohara iko wapi? Unaijua iliko? Iko juu ya kitanda changu. Kila mwaka vijana wanapita hapa wanaimba, naichukua, naipaka mafuta, nairudisha. Nimpe nani?"

Nilisimamisha ungo. Hilo hakuna aliyekuwa analijua, hata mke wake Bernadetha nadhani alifikiri ni fimbo ya nyoka.  Wegesa alipoanza tena sauti ilikuwa imeshuka.

"Basi shemeji, kama huna wa kumpa, usininyime mimi wa kumwita. Sitampa mtu. Mlipokataa, nikaacha kumpa Muniko. Nampa kitu ambacho hakifi, ukikikausha kinalala, ukikimwagia maji kinaamka. Hicho kitasimamaje njiani?"

"Kuvu," Nyangwine akasema, ila si kwa ukali tena.

"Ndiyo, kuvu. Wazungu wakae huko kwao na nguo zao nyeupe, wainame, waulizane, hii ni nani? Mmoja ajibu, hii ni Heche. Hawamjui, hawajui alikuwa anachunga, lakini wamtaje. Nitakuwa nimelala pale kwenye kichuguu, na wewe umelala na kapoti lako, na Mogesi na uongo wake, sote tumekwisha, na mtu wa mbali kabisa anasema Heche yupo hapa, Heche ameota vizuri leo, mfunikeni Heche asipigwe na..."

Alikuwa amelipa mgongo lango la boma. Nyangwine alikuwa amelitazama. Nikaona fimbo ya kutembelea aliyokuwa anamnyooshea inashuka polepole hadi ncha ikagusa vumbi, na mkono mwingine ukapanda kichwani ukavua kofia.

"Umenyamaza?" Wegesa akasema, na kwa mara ya kwanza tangu masika ya mwaka ule nilimwona anatabasamu meno yote. "Nimekushinda leo, shemeji, kubali tu. Nimeku..."

Regina alisema, "Mama."

Wegesa akageuka. Athuman alikuwa amesimama langoni, kofia yake safi imekaa upande, kifuani amekumbatia vipande viwili vya kibuyu vilivyofungwa kwa kamba. Juu ya vipande kulikuwa na kisahani cha kioo, na ndani ya kisahani, ukingo hadi ukingo, kijani.

"Shikamoo, mama," Athuman akasema.